Anayekusoma Amechoka

Wanangu mnaosomea uhusiano wa kimataifa, na ninyi mliomaliza mnaosubiri kuitwa kwenye usaili, leo nataka niwaseme kidogo. Mmekuwa mkiniletea barua zenu za maombi nizipitie. Mnanitumia na video za hotuba zenu kwenye yale mashindano ya kuigiza Umoja wa Mataifa. Barua na video zote zina ugonjwa mmoja: mnaandika ili muonekane mmesoma, na mnasema ili msikike mmesafiri. Suti imekaa, Kiingereza kinapitia puani, dakika saba zinakwisha, na aliyekaa mbele yenu hajui mnataka nini.

Kazi ya mambo ya nje, ukiondoa picha za kupeana mikono, ni kazi ya karatasi. Afisa Mambo ya Nje Daraja la Pili ataandika dokezo sabili. Mkurugenzi atalirudisha limejaa wino, ataliandika upya, litapanda kwa Katibu Mkuu, na pengine litamfikia Waziri wakati dereva ameshawasha gari la kwenda uwanja wa ndege. Siku hiyo Waziri ameshasoma majalada mengine tangu asubuhi, kuna mgeni anamsubiri na simu haiachi kuita. Huyo ndiye msomaji wako, na amechoka. Anataka kujua limetokea nini, yeye anatakiwa aamue nini, na asipoamua leo kitafuata nini. Mpe hayo kwenye aya ya kwanza. Ukianza na historia ya uhusiano mwema wa nchi hizi mbili tangu uhuru, ataruka kurasa, na jambo lenyewe utakuwa umelificha kwenye kurasa hizohizo.

Msidhani haya ni manung'uniko ya wazee wa masijala. Agosti 1940, Uingereza ikiwa vitani na ndege za Ujerumani zikiishambulia, Winston Churchill alipata wasaa wa kuwaandikia watendaji wa serikali yake kuhusu urefu wa taarifa zao. Aliwataka waeleze hoja kwa aya fupi, na takwimu na uchambuzi mrefu wavipeleke kwenye kiambatisho. Waraka wenyewe ulikuwa wa ukurasa mmoja. Mtu aliyekuwa na vita mkononi aliona maneno ya ziada yanamlia muda wa kupigana.

Sasa nawapa mfano ulio karibu na kwetu, na naomba msiusome haraka. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alituma waya wa siri kutoka Kigali kwenda makao makuu New York. Mkataba wa amani ulikuwa umesainiwa Arusha, hapa kwetu, Agosti ya mwaka uliotangulia, na kikosi chake kilikuwepo kuusimamia. Mtu mmoja wa ndani ya kundi la wanamgambo la Interahamwe alikuwa amewaeleza maofisa wake mambo ya kutisha. Kulikuwa na ghala lenye silaha zisizopungua 135. Yeye mwenyewe alikuwa ameagizwa kuwaandikisha Watutsi wote wa Kigali, na alishuku kuwa lengo lilikuwa kuwaangamiza. Akatoa na kipimo: watu wake wangeweza kuua hadi watu 1,000 kwa dakika 20.

Kichwa cha waya ule kilisemaje? Kilisema ni ombi la ulinzi kwa mtoa habari.

Hebu kaeni kwenye kiti cha mpokeaji. Mezani kwake kuna Bosnia, kuna Somalia, kuna misheni nyingine kadhaa, kila moja na waya zake za usiku. Anaona kichwa: kuna mtu mmoja Kigali anahitaji kulindwa. Habari ya mji mzima kuandikishwa kwa ajili ya kuuawa iko ndani, chini ya aya kadhaa za nani alikutana na nani na maandamano ya siku chache nyuma yalipangwa vipi. Dallaire alieleza pia kwamba anakusudia kuvamia maghala ya silaha katika muda wa saa 36. Jibu halikukawia: usivamie, nenda ukamweleze Rais Habyarimana na uwaarifu mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Mauaji ya kimbari yalianza usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili.

Simlaumu Dallaire, na atakayeondoka hapa akisema mzee kamlaumu Dallaire hakunisikiliza. Yeye alisema mapema, kwa maandishi, na kwa idadi. Kilichokosekana New York na kwenye miji mikubwa ni utashi. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani walikuwa wameuawa Mogadishu, na hakuna aliyetaka kusikia habari ya uvamizi mwingine Afrika. Huenda kichwa kingine cha waya kisingeokoa hata roho moja. Lakini ninyi mnapoandika hamjui kama mtasomwa na mwenye utashi au asiye nao. Kwa hiyo andikeni kwa namna ambayo msomaji hatapata pa kujifichia baadaye akisema hakuona. Nimewahi kusikia wakubwa wakijitetea hivyo kwa mambo madogo kabisa, ya bandari na ya viza, na mara nyingi walikuwa na haki, maana jambo lilikuwa ukurasa wa nne.

Basi kabla hamjatuma barua pepe yoyote, someni kichwa chake peke yake kana kwamba mwili haupo. Kama kinasema "Yah: Mkutano", futeni.

Mtaniletea jina la George Kennan, najua, kwa sababu yumo kwenye mitaala yenu. Tarehe 22 Februari 1946, akiwa ubalozi wa Marekani Moscow, alituma Washington waya wa maneno zaidi ya 5,000, na ukabadilisha sera ya nchi yake kwa Umoja wa Kisovyeti. Kweli. Lakini alikuwa ameulizwa swali na makao makuu, na alikwenda Moscow kwa mara ya kwanza kama mwanadiplomasia mwaka 1933. Tena waya wenyewe aliugawa sehemu tano na akazitaja zote mwanzoni, mwenye haraka ajue aende wapi. Siku mtakapokuwa mmeifuatilia nchi moja kwa zaidi ya miaka kumi, na makao makuu yakawauliza, nawaruhusu maneno 5,000.

Kuna ugonjwa wa pili, na huu ni mbaya kuliko urefu. Mnapenda kuandika "inaaminika kuwa", "imebainika kuwa", "wachambuzi wanasema". Nani anaamini? Nani kabaini? Taarifa ya ubalozi ina vitu vitatu ambavyo havitakiwi kuchanganywa: ulichokiona kwa macho yako, ulichoambiwa na nani, na unachodhani wewe. Ukimsikia ofisa wa wizara ya nchi mwenyeji chakulani akisema serikali yake itajitoa kwenye mkataba, andika kuwa kasema yeye, chakulani. Hapo mkubwa wako atapima uzito. Ukiandika "nchi mwenyeji inatarajiwa kujitoa", umeshampandisha cheo yule ofisa, na huenda siku ya pili Waziri wako akalisema hilo mbele ya waandishi wa habari.

Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikaa mbele ya Baraza la Usalama kueleza silaha za maangamizi za Iraki. Kama mnataka kujifunza namna ya kuwasilisha, itazameni: sauti tulivu, picha za setilaiti, kanda za mazungumzo ya simu, kichupa kidogo kilichoinuliwa kwa vidole viwili. Ni wachache waliowahi kuongea vizuri hivyo kwenye ukumbi ule. Na silaha hazikuwepo. Udhani wa wapelelezi ulipanda ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ukipoteza "huenda" yake, mpaka ulipofika mdomoni mwa Waziri ukawa uhakika. Mwaka 2005 Powell mwenyewe alikiri kuwa hotuba ile ni doa kwenye historia yake. Ndiyo maana nawakalia kooni kuhusu "inaaminika". Huko chini mnakoanzia kazi ndiko "huenda" zinakoanza kudondoka.

Tuje kwenye kusema. Msikilizaji naye amechoka, pengine kuliko msomaji, maana hawezi kuruka kurasa. Kwenye mjadala mkuu wa Umoja wa Mataifa kila Septemba viongozi huombwa wasizidi dakika 15, na wengi huzidi. Baraza la Usalama lenyewe limeshajiwekea maandishi ya kuhimizana dakika tano. Fidel Castro aliongea zaidi ya saa nne mwaka 1960. Kabla yake, Januari 1957, V. K. Krishna Menon wa India alitetea msimamo wa nchi yake kuhusu Kashmir kwa karibu saa nane, akagawanya siku mbili, hadi mwili ukamshinda. Tarehe 24, alipomaliza, Baraza likapitisha azimio ambalo India haikulitaka, kura kumi, hakuna aliyepinga, Umoja wa Kisovyeti ukijizuia. Saa nane, na hakupata hata kura moja ya kupinga.

Linganisheni na mwalimu wa Pugu aliyesimama mbele ya Baraza la Udhamini New York tarehe 7 Machi 1955. Nauli ilichangwa na wanachama wa chama chake, TANU. Viza ya Marekani alipewa kwa masharti, asiende mbali na makao makuu. Alikuwa na kila sababu ya kufoka, na waliomtuma wangefurahi kusikia amefoka. Julius Nyerere hakufoka. Alieleza TANU ni nini na inataka nini, akaunga mkono taarifa ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954, ujumbe ambao ulikuwa umesema uhuru unawezekana ndani ya miaka 20 hadi 25. Kisha akaomba itamkwe kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa rangi mbalimbali, kimsingi ni nchi ya Waafrika na itaendelezwa hivyo. Oneni alivyopanga. Aliutumia ushahidi wa Umoja wa Mataifa wenyewe, si wake. Aliwaondolea hofu Wazungu na Wahindi kabla hawajaitaja. Na ombi lake lilikuwa gumu kulikataa bila mtu kuonekana anachotaka hasa. Waingereza walikuja wamejiandaa kumkabili mchochezi, wakamkuta mwalimu. Aliporudi akatakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Uhuru haukusubiri hiyo miaka 20.

Vijana wengi wanaojifunza hotuba za Mwalimu wanaiga sauti, ile ya kupanda na kushuka, na kicheko. Hayo yalikuwa ya Butiama, hamyawezi. Igeni mpangilio.

Kwa wakati wenu ninyi, tazameni usiku wa tarehe 21 Februari 2022, Balozi Martin Kimani wa Kenya kwenye kikao cha dharura cha Baraza la Usalama kuhusu Ukraine. Kenya ilikuwa mjumbe asiye wa kudumu. Nchi ya Afrika Mashariki ingesema nini kuhusu mgogoro wa Ulaya ambacho Ulaya haijakisema? Angeweza kusoma zile aya za kawaida za kutoa wito kwa pande zote zijizuie. Yeye alisema kitu ambacho ni sisi tu tunakijua kwa maisha: kuishi ndani ya mipaka iliyochorwa na watu wa mbali, ikawatenga ndugu, na bado kuamua kutoigombania. Aliposema hivyo alikuwa anasimama juu ya uamuzi wa wakuu wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964. Hotuba ilikuwa ya dakika chache tu, na ilizunguka dunia kwa sababu hakuna balozi wa Ulaya mezani pale aliyeweza kuitoa. Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kunyanyua kipaza sauti: je, aya hii ingeweza kusomwa na nchi nyingine yoyote? Kama ndiyo, kata.

Mwili nao unasema. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, ujumbe wetu ulishangilia ukumbini, na magazeti yakaandika kuwa Watanzania walicheza. Mwaka 1981 mwenzetu Dkt. Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi. Wapo wanaoamini hadi leo kuwa shangwe ile ilikuwa bado haijasahauliwa. Mimi naona sababu zilikuwa kubwa kuliko ngoma, ila muwe na habari kuwa ukumbi ule una macho.

Na una masikio ambayo hamyafikirii. Nyuma ya vioo wamekaa wakalimani, wawili au zaidi kwa kila lugha, wanapokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu ubongo hauhimili zaidi. Mnapoisoma hotuba mbio ili muwahi dakika tano, mkalimani anaanza kuacha maneno, na atakachoacha kwanza huenda ndicho mlichokuja kukisema. Balozi wa China hawasikii ninyi, anamsikia yeye. Mpeni maandishi mapema. Takwimu zitajeni taratibu, na zisizidi mbili tatu. Sisi Waswahili tuna mapenzi na methali, tunaipachika pale tunapoishiwa hoja, tunatulia tukisubiri watu watikise vichwa. Kwenye kibanda cha Kirusi wakati huo kuna mtu anatokwa jasho. Kama methali ni lazima, msimshtukize mkalimani: mwandikieni maana yake pembeni.

Siku hizi mnaniambia akili mnemba itawaandikia. Nimeziona barua hizo, nazijua kwa harufu: aya zote zina urefu mmoja, kila hoja ina ndugu zake wawili, na hakuna aliyesema kitu. Tatizo dogo ni hilo. Kubwa ni kwamba ukibandika rasimu ya msimamo wa nchi kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo, umeshaitoa ofisini, na hakuna mhuri wa siri utakaoirudisha. Halafu kuna ile saa ya alfajiri kwenye majadiliano, rasimu iko kwenye skrini imejaa mabano, kila bano ni nchi moja iliyokataa, na mwenyekiti anakugeukia: Tanzania inapendekeza maneno gani? Una nusu dakika na watu mia wanakutazama. Atakayejibu hapo ni yule aliyezoea kuandika kwa mkono wake.

La mwisho nalisema kwa uchungu kidogo. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi Agosti 2019, mkutano ukiwa Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata 2021, Umoja wa Afrika Februari 2022. Nyuma ya hapo, Julai 2004 Addis Ababa, Joaquim Chissano wa Msumbiji, akiaga uenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliamua kuhutubia kwa Kiswahili, na ukumbi ukahangaika kutafuta wa kutafsiri. Alijua anachofanya. Sasa milango imefunguka, na hao wa kutafsiri bado wanatafutwa: wa kuyaweka maazimio kwenye Kiswahili, wa kuandika mihtasari, wa kukaa vibandani. Ninyi mnaniletea Kiingereza kizuri kabisa, lakini nikiwaomba aya tatu za Kiswahili rasmi mnaanza kucheka kwa aibu na kuchanganya lugha mbili kwenye sentensi moja. Mtu wa namna hiyo kibandani hana kazi, kwa sababu kule wanataka lugha mbili zilizo kamili, kila moja imesimama peke yake.

Kwa hiyo usiku huu kila mmoja achukue azimio moja la Baraza la Usalama, fupi tu, alitie kwenye Kiswahili bila kusaidiwa na mashine. Kesho ampe mama au baba mdogo, mtu asiye wa fani, alisome kwa sauti. Kila atakaposita, wekeni alama, mkaandike upya. Kisha mniletee rasimu ya tatu. Ya kwanza na ya pili sina tena macho ya kuzisomea.